“Get.” au “gest.”? Somo la kusoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani katika madaftari ya kanisa

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alitumiwa na mjukuu wake aliye Ulaya picha ya ukurasa wa daftari la ubatizo. Ukurasa ulikuwa wa mwaka 1912, umeandikwa kwa mkono wa mmisionari Mjerumani, ng'ambo ya Ziwa Kivu, upande ambao leo ni Rwanda. Mzee alikuwa amesikia kwamba ninasoma lugha chuoni na kwamba Kijerumani nimekigusa kidogo, akaniita nyumbani kwake. “Mwanangu, nisomee,” akasema. “Huyu wa mstari wa kwanza ni kaka mkubwa wa baba yangu. Jina lake naliona, mengine sioni kitu.”

Nikasoma. Baada ya jina kulikuwa na neno fupi lenye nukta, kisha tarehe 26.5.12. Neno hilo nililisoma “gest.”, kifupisho cha “gestorben”, yaani amefariki. Nikamwambia mzee kwa sauti ya chini kwamba baba yake mkubwa alifariki tarehe 26 Mei 1912. Mzee akanyamaza kidogo, halafu akauliza: “Basi yule aliyemlea baba yangu alikuwa nani?”

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na picha ile kwenye simu, na safari hii nikatazama ukurasa mzima badala ya mstari mmoja. Chini ya neno lile, katika mistari yote kumi iliyofuata, kulikuwa na alama mbili ndogo za kurudia, zenye maana ya “vilevile”. Kama nilivyosoma ni kweli, basi watu kumi na mmoja walifariki siku moja na mchungaji hakuona sababu ya kuandika kilichowaua. Nikatafuta kalenda ya mwaka 1912: tarehe 26 Mei ilikuwa Jumapili ya Pentekoste. Neno halikuwa “gest.” Lilikuwa “get.”, kifupisho cha “getauft”, amebatizwa. Kile nilichodhani ni herufi s katikati ya neno kilikuwa mkia wa h iliyoning'inia kutoka neno “Jahr”, mwaka, lililoandikwa juu ya ukurasa.

Kosa hilo ndilo lililonifanya niombe nafasi katika jarida letu. Wanafunzi kadhaa wa kitivo wameniambia kwamba na wao wameletewa karatasi za namna hiyo na jamaa zao, na mtu anayesoma lugha haruhusiwi kusema hajui. Nitaeleza ninavyofanya sasa, pamoja na mahali pa kujihadhari.

Swali la kwanza linakuja kabla ya herufi yoyote: daftari ni la nani? Watu wengi wa Goma husikia “wakati wa Wajerumani” wakadhani kila karatasi ya wakati huo iliandikwa kwa Kijerumani. Sivyo. Parokia ya Nyundo, ambayo ukishavuka mpaka kuingia Gisenyi si mbali, ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1901. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani, lakini Kanisa Katoliki liliandika ubatizo kwa Kilatini, na shajara za vituo vya mapadri hao ziliandikwa kwa Kifaransa. Ukiona “baptizavi”, nimebatiza, au “filius”, mwana wa, au “patrinus”, msimamizi wa ubatizo, huhitaji somo hili. Unahitaji kamusi ndogo ya Kilatini, na mwandiko wenyewe utakuwa wa mviringo kama ule tuliofundishwa shuleni.

Kijerumani kiko kwa Waprotestanti. Misioni ya Bethel iliingia Rwanda mwaka 1907 pamoja na Ernst Johanssen, aliyekuwa amekaa Usambara tangu 1891, na mwenzake Gerhard Ruccius. Walijenga vituo kadhaa, vikiwamo Kirinda, Rubengera na Remera. Rubengera iko upande wa mashariki wa ziwa letu. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Rwanda, na kazi ya Wajerumani ikakatika. Kwa hiyo kwa watu wa huku kwetu dirisha ni jembamba, miaka kama tisa tu. Wenzetu wa Tanzania wana kazi kubwa zaidi: Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Misioni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, na huko familia nzima nzima zina babu walioandikwa kwa mkono wa Mjerumani.

Sasa herufi. Mwandiko huu huitwa Kurrent, jina lenye asili ya neno la Kilatini la kukimbia. Ukitafuta msaada kwenye intaneti utakutana haraka na jedwali la herufi liitwalo Sütterlin, na wengi hulichapa na kulibandika ukutani. Mimi pia nililibandika. Lakini Ludwig Sütterlin, msanii wa michoro wa Berlin, alipewa kazi ya kutengeneza mwandiko huo wa shule mwaka 1911, na shule za Prussia zikaanza kuufundisha mwaka 1915. Mmisionari aliyefika Rwanda mwaka 1907 alijifunza kuandika akiwa mtoto, miaka mingi kabla ya hapo. Sütterlin ni mtoto wa Kurrent, amenyooshwa na kusafishwa kwa ajili ya watoto wa shule. Atakusaidia kujua sura ya herufi, ila mkono wa mtu mzima aliyeandika kwa haraka, kwa kalamu ya chuma, chini ya taa ya mafuta, hauko hivyo. Tafuta jedwali la Kurrent ya karne ya 19.

Kinachotushinda sisi ni kwamba macho yetu yamefunzwa mwandiko wa Kibelgiji na Kifaransa. Kwetu e ni kitanzi kidogo. Katika Kurrent e ni vijiti viwili vilivyosimama karibu karibu, na mtu asiyezoea huisoma n. Herufi n nayo ni vijiti viwili, vimeachana kidogo zaidi. Herufi m ni vijiti vitatu. Herufi i ni kijiti kimoja chenye nukta. Herufi u ni sawa kabisa na n, isipokuwa imewekewa upinde mdogo juu yake. Sasa chukua neno dogo la Kijerumani “einen”. Ukihesabu: e viwili, i kimoja, n viwili, e viwili, n viwili. Ni vijiti tisa mfululizo, kama ua wa miti, na msaada wako pekee ni nukta moja. Au chukua jina Remera: baada ya R kubwa kuna vijiti saba kabla hujaifikia r ndogo. Mara nyingi njia ya kutoka humo ni kuhesabu vijiti kwa ncha ya penseli, bila aibu, kisha kujaribu neno gani linatimiza hesabu hiyo.

Jihadhari na alama za juu. Upinde wa u mara nyingi huelea na kuangukia juu ya herufi inayofuata. Kistari kilichonyooka juu ya m au n si upinde. Kinamaanisha kwamba herufi hiyo ni mbili, hivyo “Numer” yenye kistari juu ya m ni “Nummer”, namba. Nukta mbili zinaweza kuwa za ä, ö au ü, na waandishi wengi waliweka nukta mbili juu ya y pia.

Halafu kuna s, ndiyo iliyoniponza. Katika Kurrent ziko s mbili. Ile ya mwisho wa neno ni ndogo na ya mviringo. Ile ya mwanzo au katikati ni mstari mrefu unaopanda juu ya maandishi na kushuka chini yake. Herufi f hufanana nayo ila ina fundo dogo katikati, na h ina kitanzi juu na kingine chini. Katika ukurasa ambao mistari imebanana, mikia ya h, f, g na s ya mstari wa juu huingia katika mstari wa chini na kujifanya herufi za huko. Kabla ya kuamini mstari mrefu wowote, ufuate kwa jicho mpaka uone ulikoanzia. Kama ningefanya hivyo kwa mzee, ningefika kwenye neno “Jahr” na mambo yangekwisha pale pale.

Herufi kubwa sitazitaja zote. Zinazochanganya zaidi ni B, L na C. K na R. Na pia N, M na W. I kubwa na J kubwa kwa kawaida ni alama moja tu, kwa hiyo msomaji ndiye anayeamua.

Linalofuata ni jambo ambalo jedwali la herufi halikuambii. Mjerumani aliyesoma wakati ule alijua miandiko miwili. Maneno ya Kijerumani aliyaandika kwa Kurrent; maneno ya kigeni na majina ya watu na mahali mara nyingi aliyaandika kwa herufi za Kilatini, zile zile tunazotumia sisi. Ndiyo maana mzee aliliona jina la baba yake mkubwa mara moja na “mengine hakuona kitu”. Kwa mtafuta ukoo hii ni faida na ni mtego. Ni faida kwa sababu unaweza kupitia kurasa mia ukitafuta jina bila kujua Kurrent. Mtego ni kwamba familia ikishaliona jina hushikwa na furaha, na yale yaliyoandikwa pembeni, yanayosema mtu huyo alikuwa nani, mtoto wa nani, ametoka wapi, amebatizwa au amefariki, huachwa kwa kubahatisha. Ongeza kwamba kanuni hii haikufuatwa na wote. Kuna mikono iliyoandika majina kwa Kurrent pia, au iliyoanza jina kwa mwandiko mmoja na kulimaliza kwa mwingine.

Hata hivyo jina likiwa kwa herufi za Kilatini, bado limeandikwa kwa sikio la Kijerumani. Hapa wanafunzi wa Kiswahili tuna nguvu kuliko Wajerumani wa leo, na nataka tukae kidogo.

Mwaka 1894 Graf von Götzen alipita Rwanda na kupanda mlima wetu wa moto. Aliuandika “Kirunga-tscha-gongo”. Msomaji wa Berlin huona jina la ajabu. Mtu wa Goma akilisoma kwa sauti husikia papo hapo “kirunga cha Gongo”: herufi nne “tsch” ni ch yetu. Wajerumani wengine baadaye waliuandika “Ninagongo”, na jirani yake Nyamulagira wakamwandika “Namlagira”. Angalia yaliyotokea: ny imekuwa n, irabu moja imemezwa. Hilo ndilo litakalotokea kwa jina la bibi yako pia. Jina linaloanza na Nyira- unaweza kulikuta limeanza na Nira-, na usipolitafuta huko hutalipata.

Sauti ya sh iliandikwa “sch”. Sauti ya j iliandikwa “dsch”, kama katika “Kilimandscharo”. Herufi j peke yake ni y: “Victoria-Njansa” ni Nyanza, na “Wanjaruanda” ni Wanyarwanda. Herufi w inasomwa v, hivyo “Kiwu” ni Kivu, lakini pia inabeba w yetu kwa kuwa Mjerumani hakuwa na nyingine. Gisenyi iliandikwa “Kissenji”: g imekuwa k, s imewekwa mbili ili isisomwe z, nj ni ny. Mfalme Musinga ni “Msinga”, na Bugoyi ni “Bugoie”. Wala usidhani mfumo huu ulikuwa imara. Watu wa Kilimanjaro, Wachaga, waliandikwa “Dschagga”, kwa hiyo “dsch” inaweza kuwa ch pia, na lahaja nyingi za Kijerumani hazitenganishi vizuri b na p, d na t, g na k. Mmisionari aliandika alichosikia, na alichosikia kilitegemea alikozaliwa.

Katika ukurasa wa mzee, mstari wa nne, kulikuwa na maneno “aus Kwidschwi”. Neno “aus” ni “kutoka”. Wenzangu darasani walikubaliana kwamba Kwidschwi lazima ni kijiji fulani cha Rwanda kilichokufa, na mmoja alipendekeza Poland. Tukalisoma kwa sauti tukifuata kanuni: kwi-dschwi, kwi-jwi. Ku Ijwi. Ni kisiwa cha Idjwi, kilicho katikati ya ziwa, na Wajerumani walizoea kukiandika hivyo, huku kiambishi cha mahali kikiwa kimenaswa ndani ya jina. Kisiwa hicho kiligombaniwa na Wajerumani na Wabelgiji hadi mkataba wa Brussels wa mwaka 1910 ulipokiweka upande wa Kongo. Mtu wa mstari wa nne, kwa ramani ya leo, alitoka Kongo. Kwa kusoma vibaya tulikuwa tumemhamishia nchi nyingine.

Sihitaji kueleza kwa msomaji wa Goma kwa nini hilo si jambo la mchezo. Huku kwetu swali la babu alikuwa wapi limeandikwa mpaka katika sheria: sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilitazama nyuma hadi tarehe 1 Agosti 1885, na ile ya mwaka 2004 inatazama siku ya uhuru, 30 Juni 1960. Watu hupigana kwa majina ya vijiji. Kwa sababu hiyo naona msomaji wa karatasi hizi ana wajibu wa kusema pia kile ambacho karatasi haisemi. Neno “aus” halielezi kama mtu alizaliwa pale, alikaa pale, au alipita tu akija kituoni. Neno “Ruanda” katika barua ya mwaka 1911 halina mipaka ya Rwanda ya leo. Na mchungaji aliandika alichoambiwa na mtu ambaye pengine alikuwa na sababu zake za kusema hivyo. Kabila pia aliliandika jinsi alivyoelewa yeye. Ukimpa mzee karatasi uliyoitafsiri, mpe na mashaka haya, maana kesho karatasi hiyo inaweza kuwekwa mezani katika ofisi fulani.

Turudi kwenye maneno. Katikati ya sentensi ya Kijerumani utakutana na maneno yako mwenyewe yamevaa koti la kigeni: “Schamba”, ambayo kwa wingi wameifanya “Schamben”, “Schauri”, “Boma”, “Askari”, kwa wingi “Askaris”, “Pombe”, “Jumbe”. Tumia maneno haya kama nanga. Ukishalitambua neno moja kwa uhakika, unajua mkono huo unavyoandika sch, a na b, na unaweza kuyashambulia maneno ya pembeni. Karl Roehl, ambaye baadaye alitafsiri Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1937, alikuwa mmoja wa watu hao wa Bethel waliofanya kazi Usambara na Rwanda. Kiswahili hakikuwa mbali na kalamu zao. Utakutana pia na maneno ya kuudhi. “Schensi” ni mshenzi. “Heide” ni mpagani, na katika maandishi ya misioni baba wa mtoto anaweza kuitwa hivyo na mambo yakaishia hapo. Usiyalainishe. Andika lilivyo, kisha eleza.

Vifupisho vinavyorudi kila mara ni vichache: “geb.” ni amezaliwa, “get.” amebatizwa, “gest.” amefariki, “verh.” ameoa au ameolewa. Alama ya msalaba ni kifo na ya nyota ni kuzaliwa. “S. d.” ni mwana wa, “T. d.” ni binti wa. “Wwe.” ni mjane, na usiichanganye na “Weib”, mke, kosa ambalo linaweza kumwua mume aliye hai. “Etwa” au “ca.” mbele ya umri ni “kama, takriban”, watu wengi wazima waliobatizwa walikadiriwa umri kwa macho, hivyo “etwa 20” ichukue kama ishara tu. “Paten” ni wasimamizi wa ubatizo, na huko mara nyingi ndiko jamaa zako walikojificha, kwa sababu mtu husimamiwa na watu wake.

Tarehe zina siri yake. Wachungaji wa Kilutheri na wa Kiprotestanti kwa jumla walihesabu mwaka kwa sikukuu. “Pfingsten 1912” ni Pentekoste, na ili kupata tarehe ni lazima kwanza ujue Pasaka, ambayo mwaka ule iliangukia 7 Aprili. Ukiongeza siku 49 unapata 26 Mei. “1. Advent 1911” ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba. “12. S. n. Trin. 1912” hutisha kwa mara ya kwanza: ni Jumapili ya 12 baada ya Utatu, yaani 25 Agosti. Ubatizo wa watu wazima ulipendwa kufanywa kwa kundi siku za sikukuu, kwa hiyo tarehe ikikusumbua jaribu kuiweka juu ya kalenda ya kanisa. Ikilala sawasawa na Pasaka au Krismasi, ni dalili nzuri kwamba unasoma ubatizo. Kifo hakina kalenda.

Namna ya kufanya kazi, nimejifunza hivi. Kwanza jifunze kuandika Kurrent, usijifunze kuisoma tu. Andika majina ya ndugu zako, majina ya miezi kwa Kijerumani, na maneno ishirini ya madaftari, kila jioni kwa wiki mbili. Mkono ukishajua kijiti kinaanzia wapi, jicho hukubali. Pili, usianzie kwenye neno linalokukabili. Anzia kwenye maneno unayojua lazima yawepo, kama “geboren”, “getauft”, “am”, “und”, miezi na tarakimu. Kutoka maneno hayo tengeneza alfabeti ya mwandishi huyo peke yake, karatasi moja, kila herufi ulivyoiona kwake. Alfabeti ya mchungaji mmoja haimfai mwingine.

Tatu, na hapa nakazia, tenganisha karatasi mbili. Ya kwanza ni ya unukuzi: herufi kwa herufi, mstari kwa mstari, pamoja na makosa ya mwandishi, na alama ya kuuliza mahali usipoona. Ya pili ni ya tafsiri na maelezo. Usiruhusu ya pili iisahihishe ya kwanza kimya kimya. Nilipomsomea mzee sikuwa na karatasi yoyote; nilisoma, nikatafsiri na nikatangaza msiba kwa pumzi moja. Kama ningeandika “ge?t.” ningekaa na alama ile ya kuuliza usiku mmoja na ingenitosha.

Mtu ataniuliza kuhusu programu za kompyuta. Transkribus, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Innsbruck na washirika wake, husoma Kurrent kwenye picha, na kwa barua ndefu za Kijerumani inaokoa siku nyingi. Lakini programu ya namna hiyo imefunzwa kwa maandishi ya Ulaya. Ikikutana na jina la bibi wa Bugoyi haina pa kulishika, na itakupa kitu kinachofanana na neno ililolizoea. Itumie kwa maneno ya katikati. Majina yasome mwenyewe, kwa sauti.

Kuhusu mahali pa kutafuta: madaftari ya ubatizo kwa kawaida hukaa parokiani, kwa hiyo mlango wa kwanza ni mchungaji wa mahali. Barua na ripoti za wamisionari ni jambo jingine. Bethel iliungana na Misioni ya Rhein mwaka 1971 ikawa VEM, yenye makao Wuppertal, na hifadhi yake iko huko. Makaratasi ya Leipzig yapo Halle, katika Taasisi ya Francke, na ya Wamoravian yapo Herrnhut. Kanisa la CBCA, ambalo makao yake makuu yako hapa Goma, ni mwanachama wa VEM, kwa hiyo mwanafunzi wa mji huu ana mahali pa kuulizia njia bila kupanda ndege. Na nakala za mbali zina thamani kwetu kuliko kwa wengine. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ikachukua kanisa kuu na maelfu ya nyumba, na makabati yaliyokuwa ndani ya nyumba hizo yalikuwa na karatasi.

Kwa mzee nilirudi baada ya siku tisa. Nilibeba karatasi zangu mbili na picha niliyoikuza mpaka mkia wa ile h uonekane vizuri. Nikamwomba msamaha, nikamwonyesha kwa kidole: mkia unaanzia hapa juu, unashuka hapa. Aliufuata polepole kwa ukucha wake mara mbili. “Kwa hiyo alibatizwa tu,” akasema. Nikajibu ndiyo, mzee, siku ya Pentekoste, pamoja na wenzake kumi. Akacheka, akamwita mkewe aje aone.

Kisha akaniuliza neno la mwisho la mstari ule, baada ya jina la msimamizi. Lina vijiti sita, nukta moja, na herufi ya mwisho inayoweza kuwa r au x. Katika karatasi yangu ya unukuzi nimeliandika kwa alama ya kuuliza, na mzee amekubali libaki hivyo mpaka mjukuu atume picha ya ukurasa unaofuata, ili tuutafute mkono huo huo ukiandika neno hilo hilo mahali palipo wazi zaidi.